Wageni Tumboni mwa Panya: Minyoo Wanavyovuruga Utafiti Kimyakimya

Miguu ya panya ilikataa kuvimba. Ndivyo ninavyoukumbuka mwaka wangu wa pili wa uzamili hapa Nairobi: nimeinamia meza, kalipa mkononi, napima unene wa mguu wa nyuma wa panya mweupe mmoja baada ya mwingine, na namba hazikubali kukaa pamoja. Nilikuwa nikijaribu maji ya magome ya mti ambao kwetu wazee huyachemsha viungo vikiwauma. Mpango wenyewe ulikuwa wa kawaida. Panya wote wanadungwa kitu kinachochokoza kinga ya mwili mpaka viungo vivimbe. Nusu wanapewa dawa ya mti, nusu wanapewa maji matupu, kisha unalinganisha. Wale wa maji matupu walitakiwa wavimbe sawasawa. Wachache walivimba, wengine kidogo tu, na wengine ungedhani hawakuguswa na sindano.

Nililaumu kila kitu. Nililaumu mkono wangu, nikalaumu chupa ya kemikali iliyokaa njiani muda mrefu, nikalaumu hata baridi ya Julai. Mzee aliyekuwa akiwahudumia wanyama wale, mtu aliyeanza kulisha panya kabla sijazaliwa, alinisikiliza siku kadhaa bila kusema neno. Kisha alasiri moja akaja na selotepu.

"Binti yangu, umewaangalia nyuma?"

"Nyuma wapi, mzee?"

"Huko huko. Chini ya mkia."

Akamtoa panya mmoja, akamlaza juu ya mkono wake, akainua mkia kwa vidole viwili, akabandika kipande cha selotepu mara mbili tatu. Panya hata hakupiga kelele. Selotepu ile tukaitandaza juu ya kioo, kioo tukakiweka chini ya hadubini. Nilipozungusha kile kigurudumu cha kukazia picha, yakajitokeza mayai: marefu, angavu, upande mmoja bapa na upande wa pili umepinda, kama ndizi iliyobanwa ubavuni. Ndani ya baadhi yao kulikuwa na kitu kilichojikunja, na kimoja kilijisogeza nikikiangalia.

Panya wangu walikuwa na minyoo. Manyoya yao yaling'aa, walikula vizuri, macho yao yalikuwa maangavu, na walikuwa na minyoo muda wote.

Tangu siku hiyo nimekutana na wanafunzi wengi wenye hadithi inayofanana na yangu. Ukitoka kampasi ya Chiromo ukapita KEMRI, taasisi ya utafiti wa tiba, ukaenda hadi kampasi ya Kabete, utakuta vijana wengi ambao tasnifu zao zimebebwa na migongo ya panya. Swali lao huwa lile lile: si ni minyoo tu, si wapewe dawa tuendelee? Jibu lake halikai kwenye sentensi moja, kwa sababu neno "minyoo" limebeba viumbe tofauti sana, wanaoingia kwa milango tofauti na kuharibu vitu tofauti. Ndiyo maana nimeona niandike.

Panya yupi, mnyoo yupi

Tuanze na lugha yetu wenyewe, kwa maana inatuponza kidogo. Kwa Kiswahili tunasema "panya" kwa yule mkubwa na "panya" kwa yule mdogo anayetoshea kwenye kiganja. Maabarani hawa ni wanyama wawili tofauti kabisa. Yule mkubwa, kwa jina la kisayansi Rattus norvegicus, ndiye ninayemzungumzia hapa. Aina yake inayojulikana zaidi, Wistar, ilianzishwa Philadelphia, Marekani, mwaka 1906, na ile ya Sprague Dawley ikafuata mwaka 1925. Yule mdogo, Mus musculus, nitamwita kipanya.

Minyoo wanaijua tofauti hii vizuri. Mnyoo niliyemwona siku ile ni Syphacia muris, na mwenyeji wake ni panya mkubwa. Ndugu yake, Syphacia obvelata, hupendelea kipanya. Ajabu ni kwamba neno muris lina maana ya "wa kipanya", ilhali mnyoo mwenyewe hukaa kwa panya mkubwa. Hata Kilatini kimeteleza pale pale tunapoteleza sisi. Ukikuta mwanafunzi amewachanganya hawa wawili usimcheke, lakini mrekebishe, kwa sababu nyumba nyingi za wanyama hufuga panya na vipanya chini ya paa moja, na anayetaka kujua ugonjwa umetoka chumba gani ni lazima amtambue mnyoo kwa jina.

Syphacia muris ni mweupe na mwembamba kama kipande cha uzi. Jike hufikia milimita 3 hadi 4, na dume ni mfupi zaidi. Makazi yao ni kwenye ule mfuko ulio mwanzo wa utumbo mpana, na pia kwenye utumbo mpana wenyewe. Mzunguko wao wa maisha ndio ufunguo wa shida yote. Panya humeza yai, yai hupasuka ndani ya utumbo, mnyoo hukua, hupandana, kisha jike lililojaa mayai hushuka mpaka kwenye tundu la haja kubwa, hutaga kwenye ngozi ya hapo, na hufa. Yote hayo huchukua siku 7 au 8. Yai lenyewe halihitaji siku nyingi nje ili liwe tayari kuambukiza. Saa chache tu zinatosha. Panya hujilamba, na hapo hapo anameza mayai yake mwenyewe. Wenzake wa kizimba kimoja humlamba pia. Mengine huangukia kwenye maranda wanayolalia na kwenye chakula. Na kuna mayai ambayo hupasuka pale pale chini ya mkia, lava, yaani mnyoo mchanga, akapanda kurudi ndani bila hata kumezwa.

Weka hilo kando ya mnyoo mwingine, Aspiculuris tetraptera, ambaye kwa kawaida ni wa vipanya lakini huwaingia panya wakubwa pia. Huyu hatagi chini ya mkia. Mayai yake hutoka na kinyesi, na yanahitaji karibu wiki moja nje kabla ya kuweza kuambukiza. Mzunguko wake ni wa siku 23 hadi 25. Tofauti hizo chache zina uzito mkubwa kazini. Selotepu, ambayo humkamata Syphacia, kwa Aspiculuris haitaonyesha kitu, hivyo ni lazima upime kinyesi. Kwa upande mwingine, ukibadilisha maranda mara mbili kwa wiki unaweza kumkata Aspiculuris njiani, mayai yake yakiwa bado hayajakomaa. Syphacia hatajali ratiba yako ya usafi. Wewe ukija Alhamisi, yeye alishamaliza kazi yake Jumatatu usiku.

Wanaopita mlango wa ghala

Kundi la pili ni tegu, wale minyoo bapa wenye pingili. Wawili ndio wanaotajwa sana kwa panya, na wanafanana jina huku wakiachana tabia.

Hymenolepis diminuta ni mrefu, anafika sentimita 20 hadi 60 ndani ya utumbo wa panya. Hawezi kutoka kwa panya mmoja kwenda kwa mwingine moja kwa moja. Ni lazima yai limezwe kwanza na mdudu, kama mbawakawa mdogo wa unga au kiroboto, likue ndani yake, kisha panya amle mdudu huyo. Kwa hiyo ukimkuta tegu huyu kwa panya wa maabara, usianze kupekua vizimba. Nenda ghalani ukaangalie magunia ya chakula. Kuna wadudu mle.

Rodentolepis nana ni mdogo, sentimita chache tu, lakini yeye ndiye anayenitia wasiwasi zaidi. Anaweza kupita kwa mdudu, na anaweza kumruka mdudu kabisa: yai likimezwa na panya, lava huingia kwenye ukuta wa utumbo mdogo, akakaa hapo siku chache, akarudi utumboni kuwa tegu kamili. Na anaishi kwa binadamu pia. Ndiye tegu anayepatikana kwa watu wengi zaidi duniani, hasa watoto. Kwa hiyo anayefagia vizimba bila glavu kisha akala chapati yake ya saa nne bila kunawa anajiweka hatarini. Syphacia muris wa panya, kinyume chake, si yule mnyoo anayewawasha watoto wetu usiku. Yule ni Enterobius vermicularis, na hatoki kwa panya. Nimewahi kumtuliza mama mmoja mfanyakazi aliyeamini kwamba amewapelekea wanawe minyoo kutoka kazini. Alikuwa amelia wiki nzima bila sababu.

Tegu wa tatu hafikii utu uzima ndani ya panya. Ni Hydatigera taeniaeformis, tegu wa paka. Paka hula panya mwenye lava, tegu akakomaa kwenye utumbo wa paka, mayai yakatoka na kinyesi. Panya akila kitu kilichochafuliwa na kinyesi hicho, lava huenda kwenye ini na kujijengea mfuko. Ukimpasua panya huyo utaona vipovu vyeupe juu ya ini jekundu, na ukikitoboa kimoja atajikunjua kiumbe mrefu mwenye kichwa na pingili, kama tegu aliyekunjwa ndani ya bahasha. Sasa fikiria maranda yetu. Maranda ni mabaki ya kuranda mbao, na hutoka kwa mafundi ambao karakana zao hazina milango. Rundo la maranda makavu yenye joto ni kitanda ambacho paka yeyote wa mtaani angekipenda. Hakuna anayemlaumu fundi, kwani yeye anatengeneza vitanda na kabati. Lakini anayeyanunua kwa ajili ya wanyama wa utafiti anapaswa kuyapitisha kwenye joto kwanza.

Halafu yuko mmoja ambaye wengi wanamsahau kwa sababu hakai tumboni. Trichosomoides crassicauda huishi kwenye kibofu cha mkojo. Dume ni mdogo kiasi kwamba anaishi maisha yake ndani ya mfuko wa uzazi wa jike. Mayai hutoka na mkojo, na mama huwaambukiza watoto wakiwa bado wananyonya. Upime kinyesi mwaka mzima, hutamwona. Lakini ukiwa unachunguza kama kemikali fulani inadhuru kibofu, ukuta ulionenepa na vijiwe anavyovisababisha vitakudanganya vibaya.

Shida yenyewe iko wapi

Hapa ndipo watu wengi hupotea, kwa sababu tumezoea kuupima ugonjwa kwa macho. Panya mwenye Syphacia mara nyingi haonyeshi chochote. Wakizidi sana anaweza kuharisha, utumbo ukatoka nje, au akapungua uzito, lakini hao ni wachache. Walio wengi wanacheza, wanakula, wanazaa. Mtu akisema "panya wangu wazima", anasema kweli kama mfugaji. Mtafiti ana swali lingine: je, mwili huu unajibu kama mwili ninaodhani ninaupima?

Mwili wenye minyoo hujibu tofauti. Kinga ya panya, kama yetu, ina mikono zaidi ya mmoja. Kuna ule unaopambana na vijidudu vinavyojificha ndani ya chembe za mwili, unaowasha moto na kuvimbisha. Na kuna ule wa kupambana na minyoo, unaoongeza ute tumboni, unaoongeza kingamwili za aina ya IgE, na unaoongeza eosinofili, aina ya chembe nyeupe za damu. Mkono huu wa pili ukinyanyuka, wa kwanza hulegea. Na minyoo nao hawakai bure. Hutoa vitu vya kuituliza kinga isiwatoe, kwa sababu mwenyeji anayewaka uvimbe mwili mzima si makazi mema. Mtulizo huo hauishii utumboni. Mwaka 1975 watafiti wawili, Pearson na Taylor, walichapisha kwamba panya wenye minyoo wa jamii ya Syphacia walipata kidogo ule uvimbe wa viungo unaosababishwa kwa sindano.

Nilipousoma utafiti huo nilikaa kimya muda mrefu. Niliuona mguu wangu usiovimba, uliochapishwa miaka mingi kabla sijaingia chuoni.

Yapo mengine. Mwaka 1988 ulichapishwa utafiti ulioonyesha kwamba Syphacia muris hupunguza kasi ya ukuaji wa panya. Kwa hiyo uzito, kipimo rahisi kuliko vyote na kinachoandikwa karibu kila tasnifu, nao umeguswa. Maji na chumvi zinavyosharabiwa utumboni vinaweza kubadilika. Hesabu ya chembe nyeupe hubadilika. Yule anayepima kisukari, yule anayepima ini, yule anayejaribu chanjo, kila mmoja ana mgeni mezani ambaye hakumwalika.

Niruhusu nitoe mfano wa kubuni, kwa sababu ndio unaonionyesha hatari hii wazi kuliko yote. Mwanafunzi anajaribu maji ya majani ya mti fulani kuona kama yanasaidia panya wenye kisukari. Majani hayo, pasipo yeye kujua, yanaua minyoo. Panya waliopewa dawa wanapoteza minyoo, wanaongezeka uzito, manyoya yanapendeza, damu inatulia. Panya wa maji matupu wanabaki na minyoo yao na kudhoofika kidogo. Mwisho wa wiki ya nne tofauti ni kubwa, hesabu zinakubali, na tasnifu inaandikwa kwamba mti huu unasaidia wagonjwa wa kisukari. Kila kipimo kilichukuliwa kwa uaminifu, lakini mti ule haujafanya kitu kwa kisukari. Na majirani zetu wanaougua kisukari wataunywa.

Kuna kitu kingine ambacho nasikitika hakifundishwi darasani. Minyoo hawagawanyiki sawa kwa sawa. Katika kundi lolote la wanyama, wachache hubeba minyoo wengi na walio wengi hubeba wachache. Hilo peke yake huzitawanya namba zako, na namba zikitawanyika unahitaji wanyama zaidi ili uone tofauti ile ile. Tangu mwaka 1959, Russell na Burch walipoandika misingi ya kuwatumia wanyama kwa huruma, tumekubaliana kwamba idadi ya wanyama ipunguzwe iwezekanavyo. Panya wenye minyoo wanatulazimisha kuiongeza.

Lakini kibaya kuliko mtawanyiko ni kizimba. Panya wa kizimba kimoja wanalambana, wanashiriki maranda, wanashiriki mayai, kwa hiyo mzigo wa minyoo hufuata kizimba. Na sisi dawa zetu tunazigawa kwa kizimba, kwa sababu ni rahisi: kizimba A dozi ndogo, kizimba B dozi kubwa, kizimba C maji. Sasa ukiona tofauti kati ya A na C, ni dawa au ni minyoo? Hesabu zote za takwimu duniani haziwezi kukutenganishia vitu viwili ulivyoviweka ndani ya kizimba kimoja tangu siku ya kwanza. Ukiwa na panya wa kutosha, gawa dozi zote ndani ya kila kizimba, uwawekee alama mkiani. Inachosha, najua. Nimeifanya.

Kosa lililopata tuzo ya Nobel

Anayedhani haya ni mambo ya wanafunzi wa uzamili tu na amtazame mtafiti Johannes Fibiger wa Copenhagen, Denmark. Mwaka 1907 Fibiger aliona uvimbe kwenye matumbo ya panya wachache, na ndani ya uvimbe akaona minyoo. Akafuatilia kwa bidii ya kupendeza. Alipata panya kutoka kiwanda cha sukari wakiwa na mnyoo yule yule, akagundua kwamba mnyoo huyo anapita kwa mende, akawalisha panya mende hao, na mwaka 1913 akatangaza kwamba amesababisha saratani ya tumbo kwa kutumia mnyoo. Ulimwengu ulishangilia, na tuzo ya Nobel ya tiba ya mwaka 1926 ikawa yake. Alifariki mwaka 1928.

Baadaye watafiti wengine walirudia kazi ile na kuonyesha kwamba mnyoo hakuwa msababishaji wa saratani. Panya wa Fibiger walikuwa wakilishwa mkate mweupe na maji, wakakosa vitamini A, na upungufu huo ndio ulioubadilisha ukuta wa tumbo. Mnyoo aliongeza mchubuko tu. Na wakati huo huo, mwaka 1920, Bullock na Curtis wa New York walionyesha kwamba lava yule wa tegu wa paka, yule wa kwenye ini, kweli huweza kuzusha saratani kwa panya. Nawahurumia sana watu wa zama zile. Mnyoo mmoja alisingiziwa, mwingine alistahili, na wote wawili walikaa ndani ya mnyama yule yule.

Isieleweke kwamba mnyoo ndani ya panya ni balaa siku zote. Kuna anayewekwa kwa makusudi. Nippostrongylus brasiliensis hutumika kama kifani cha safura: lava hupenya ngozi, hupita mapafuni, hupanda kooni na kumezwa, hutaga mayai utumboni karibu siku ya 6, na baada ya wiki mbili hivi kinga ya panya huwa imewafukuza karibu wote. Kwa mnyoo huyo tumejifunza mengi kuhusu jinsi mwili unavyofukuza vimelea. Ivermektini, iliyowapa William Campbell na Satoshi Omura tuzo ya Nobel mwaka 2015, ilianza kugundulika kwa kujaribiwa kwa vipanya wenye minyoo, na leo ni moja ya dawa zinazopambana na matende kule Pwani. Mnyoo aliyealikwa, aliyehesabiwa na kuandikwa daftarini, ni chombo cha kazi. Shida ni yule asiyejulikana kama yupo.

Kuwatibu na kuwamaliza ni kazi mbili

Kutibu ni rahisi. Kwa minyoo-uzi kama Syphacia kuna ivermektini, na kuna fenbendazoli ambayo huchanganywa na chakula, kwa kawaida miligramu 150 kwa kila kilo ya chakula. Tegu huenda na prazikuanteli. Wape dawa, subiri, pima: hakuna kitu. Watu hushangilia hapo, na mwezi wa tatu mayai yanarudi.

Yanarudi kwa sababu dawa imemaliza walio ndani ya panya, na mayai yapo kila mahali kwingine. Yai la Syphacia muris lina urefu wa takriban maikromita 75. Ungelipanga 13 kwenye milimita moja. Hilo ni vumbi. Linapeperuka ukitikisa maranda, linakaa juu ya dirisha, kwenye feni, kwenye mshono wa koti lako jeupe. Spiriti hailiui, na dawa nyingi za kupangusia sakafu hazilifanyi kitu. Joto hulimaliza. Kwa hiyo dawa hutolewa kwa majuma kadhaa mfululizo au kwa wiki za kupokezana, na muda wote huo vizimba, chupa, chakula na maranda vinapitishwa kwenye otoklevu, mashine ya kuua vijidudu kwa mvuke, kwenye joto la nyuzi 121, na vyumba vinasafishwa kwa wakati mmoja. Ukisafisha chumba hiki leo na kile mwezi ujao, umewahamisha tu.

Neno moja kwa wenzangu wa Nairobi kuhusu otoklevu. Mji wetu uko karibu mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, hewa ni nyepesi, na maji huchemka kwenye nyuzi 94 hivi. Vitabu vingi vimeandikwa kwa ajili ya miji ya pwani. Vinasema ongeza shinikizo mpaka ratili 15 kwa inchi ya mraba utapata 121, lakini hapa kwetu mshale wa kipima shinikizo ukisoma 15, joto la ndani huwa limepungua kwa nyuzi 2 au 3. Kwa mayai ya minyoo bado inatosha. Kwa vijidudu sugu inaweza isitoshe. Fuata kipimajoto.

Dawa nazo zina gharama yake kwa utafiti. Ivermektini inaweza kuwadhuru watoto wachanga wa panya, na dawa yoyote inayopita kwenye ini itaacha alama kwa anayechunguza ini. Kwa hiyo hutibu panya walio katikati ya jaribio. Unatibu kabla, unasubiri, au unaanza upya. Ambako fedha zipo, koloni nzima hujengwa upya: watoto hutolewa kwa upasuaji, au viinitete hupandikizwa kwa mama safi, kwa sababu minyoo hawa hawapiti kwenye kondo. Wengi wetu hatuna uwezo huo. Tunachoweza sote ni kujua na kuandika. Miongozo ya ARRIVE, ya kuandika ripoti za utafiti wa wanyama, inataka hali ya afya ya wanyama ielezwe kwenye ripoti, na mstari mmoja unaosema "panya walipimwa minyoo kwa selotepu na kwa kinyesi, tarehe fulani, majibu haya" una thamani kuliko kurasa tano za shukrani.

Kupima kwenyewe hakuhitaji pesa nyingi. Selotepu angavu, kioo, hadubini. Kwa kinyesi, tembe chache zilizovurugwa kwenye maji ya chumvi iliyokolea. Mayai huelea, unayagusa kwa kioo chembamba. Pima panya wadogo, kwa sababu wao hubeba wengi kuliko wazee. Pima zaidi ya mara moja, kwa maana mayai hayatoki kila siku. Na ukimpasua panya kwa sababu nyingine, fungua ule mfuko wa utumbo mpana ndani ya maji ya uvuguvugu, uutazame dhidi ya kitambaa cheusi, utawaona wakiogelea.

Mimi nilirudia jaribio langu lote. Panya wapya walipofika niliwaweka chumba cha peke yao, nikawapima wiki ya kwanza, asubuhi na mapema kabla ya kazi nyingine, vioo vyote vikawa safi. Nikamwonyesha mzee kwa furaha. Akaviangalia kimoja kimoja, akaniuliza nilivichukua saa ngapi. Nikamwambia saa mbili asubuhi.

"Hao majike hushuka mchana," akasema. "Rudi saa tisa."

Nilirudi saa tisa. Kioo cha nne, pembeni kabisa, palikuwa na yai moja.